Ploti ya Shamba na Ploti ya Hadithi: Vitawe vya Kiingereza Vinapoingia Kiswahili

Mwanafunzi wa fasihi akitaja "ploti" darasani, wenzake huelewa mara moja kwamba anazungumzia msuko wa matukio katika riwaya au tamthilia. Akilitaja neno lilo hilo katika kituo cha magari mjini Machakos, ataulizwa kama iko Joska au Katani, ina ukubwa gani, na kama hati yake imetoka. Akiwa na jirani anayepanga nyumba, ploti itakuwa jengo lenye vyumba vingi na mlango mmoja wa nje. Kiingereza, lugha asilia ya neno hili, kina maana nyingine ambayo sisi hatukuikopa kabisa, yaani njama. Hatukuwa na haja nayo. Njama tulikuwa nayo.

Makala haya yanashughulikia maneno ya namna hii. Yanahusu vitawe vya Kiingereza, tena vile vya kawaida vinavyotumika sokoni, barabarani na ofisini, na jinsi maana zake zinavyotawanyika vinapokutana na Kiswahili. Mjadala wetu kuhusu ukopaji umeelemea mno upande wa umbo: irabu gani imeongezwa mwishoni, neno limeingia ngeli ipi, wingi wake unaundwaje. Hayo ni ya msingi, lakini yanaliacha kando swali lililo gumu zaidi, nalo ni hili: neno lenye maana nyingi likikopwa, ni maana ipi inayovuka mpaka?

Kabla ya kusonga mbele inafaa tukumbushane istilahi. Kitawe ni neno moja lenye maana zaidi ya moja. Wanaisimu hutofautisha hali mbili. Katika polisemia maana hizo zina uhusiano, kama ilivyo kwa "kichwa" cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha garimoshi. Katika homonimia maneno mawili yasiyo na udugu yamekutana katika umbo moja, kama "kaa" la moto na "kaa" wa baharini. Nadharia hii ni nyepesi ubaoni na nzito mtu anapoanza kuitumia, kwa sababu uhusiano wa maana mara nyingi hufahamika kwa anayeijua historia ya neno pekee. Vitenzi vya kawaida ndivyo vinavyosumbua zaidi. Toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, lililochapishwa mwaka 1989, liliorodhesha zaidi ya maana 400 za kitenzi "set" peke yake. Asitucheke Mwingereza, ingawa. Naye akijifunza Kiswahili hukutana na "piga", na kugundua kwamba watu hawa hupiga simu, hupiga picha, hupiga kura, hupiga mswaki, hupiga deki, hupiga kambi na hata hupiga chafya, bila mtu yeyote kuumia.

Dai langu ni kwamba neno linapokopwa halihami na ukoo wake wote. Huhama maana moja, ile iliyokuwa na kazi ya kufanya mahali hapo na wakati huo. Maana nyingine hubaki kwao kwa kuwa nafasi zake huku zimekwisha kushikwa na maneno ya wenyeji. Kisha ile maana moja iliyohamia huanza kuzaa maana nyingine ambazo Kiingereza hakizijui.

Tuchukue "marikiti". Mombasa wana Marikiti yao ya miaka mingi, na Machakos nako liko soko la mboga na matunda linaloitwa hivyo hivyo. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya soko, neno ambalo katika Kiingereza hutumika pia kwa soko la hisa, soko la ajira na soko huria. Marikiti yetu haijui lolote kuhusu hisa. Ni mahali penye majina ya wauzaji, tope wakati wa mvua na magunia ya sukumawiki. Dhana nyingine zote zilibaki kwa "soko", neno lililotoka Kiarabu karne nyingi kabla.

"Steji" ina kisa cha kuvutia zaidi. Neno "stage" la Kiingereza lina maana ya jukwaa, lina maana ya hatua au awamu, na lina maana ya kituo ambapo magari ya abiria yaliyovutwa na farasi yalisimama kubadilisha farasi. Maana hii ya mwisho imefifia sana huko Uingereza, kwa sababu farasi wenyewe waliondoka barabarani. Nchini Kenya, hata hivyo, ndiyo iliyostawi. Abiria wa matatu anayesema "nishushe steji inayofuata" anahifadhi maana ya kale ambayo wenye lugha wameiacha. Waliodhani kwamba ukopaji ni uharibifu wa lugha ya wengine na watafakari hapo.

Kuhusu "stima" safari ni ndefu kuliko zote. Awali neno hili lilikuwa jina la chombo cha majini kilichoendeshwa kwa mvuke. Mvuke ulikuwa nguvu ya mitambo, na inaelekea ni kupitia dhana hiyo ya nguvu ya mitambo ambapo Wakenya walilivuta neno kutoka majini hadi kwenye nyaya za umeme. Leo mkazi wa Machakos akisema "stima zimepotea" hazungumzii merikebu iliyozama. Msomaji wetu wa Dodoma, ambaye kwake umeme hukatika, huhitaji kufasiriwa. Kiingereza nacho hakina habari: neno ni lake, maana si yake.

Hali kadhalika "hoteli" ya miji yetu midogo ni mahali pa chai na chapati, si pa kulala. Naye "klabu" amegawanyika kwa matamshi. "Klabu" ina kocha, jezi na mashabiki. "Kilabu" ina vibuyu na walevi. Kiingereza huyabeba yote hayo kwa umbo moja, na rungu pia. Irabu moja tu ya Kiswahili imefanya kazi ambayo Kiingereza huiachia muktadha. Kwa upande wa pili, Kiswahili nacho huunganisha kilichotengana. "Bodi" ya wakurugenzi na "bodi" ya matatu zilitoka katika maneno mawili tofauti ya Kiingereza, moja likimaanisha baraza na jingine mwili. Zilipopitia ulimi wetu zikawa pacha. Anayetafuta mfano halisi wa homonimia iliyozaliwa na ukopaji asihangaike. Aende kwa mafundi wa jua kali wanaounda bodi za magari.

Hadi hapa tumezungumzia maneno yaliyokopwa. Lakini vitawe vya Kiingereza hutusumbua hata pale ambapo hatukukopa kitu, na hapa ndipo wafasiri hutoka jasho. Mnamo Januari 2003 serikali mpya ya muungano wa NARC ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Kwa Kiingereza mpango ule uliitwa kwa neno "free", ambalo lina maana ya huru, maana ya kutolipiwa, na maana ya kutokuwa na shughuli. Kiswahili hakina neno moja linalobeba mzigo huo. "Elimu huru" ingekuwa dhana nyingine kabisa. "Elimu ya bure" ndiyo iliyoshika vinywani, nayo ilikuwa na mtego wake, kwa maana "bure" ni kisichonunuliwa na pia ni kisicho na thamani. Mtu wa bure si mtu wa kuazimwa hata jembe. Aliyetaka kuubeza mpango huo alipata mzaha tayari ndani ya jina lake. Waandishi waliochagua "elimu bila malipo" walitumia maneno mengi zaidi lakini walifunga mlango huo, na kwa maoni yangu walifanya vyema.

Wakati mwingine lugha hizi mbili hushikana kama viungo vya mnyororo. "Address" ya Kiingereza ni anwani, lakini pia ni hotuba. "Anwani" yetu ni mahali barua inapopelekwa, lakini pia, hasa nchini Kenya, ni jina la kitabu au shairi. Jina la kitabu kwa Kiingereza ni "title", neno ambalo pia ni cheo cha mtu, ubingwa wa bondia na hati ya kumiliki ardhi. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza na hotuba na, kwa kufuata kamusi hatua kwa hatua bila kukosea popote, akafika kwenye shamba. Kamusi inayotoa kisawe kimoja kwa neno moja haidanganyi; inaonyesha tu kiungo kimoja cha mnyororo na kukificha kinachofuata.

Sitaki kuonekana kama ninawatetea wanaotafsiri Kiingereza neno kwa neno. Tunasikia watu "wakichukua chai" na "kuchukua picha", kwa sababu Kiingereza hutumia kitenzi kimoja hapo. Chai hunywewa, na picha hupigwa; anayezichukua zote mbili huenda anaitwa mwizi. Kuhusu "kupita mtihani" nina msimamo laini zaidi. Najua walimu wetu hulikata kwa kalamu nyekundu na kuandika "kufaulu" au "kufuzu". Hata hivyo, taswira ya kuvuka kizuizi si ngeni kwa Kiswahili, na usemi huo umekwisha kuota mizizi. Nisingemnyima mwanafunzi alama kwa ajili yake.

Kwa wapenzi wa fasihi, mfano bora wa uteuzi wa maana ni Mwalimu Julius Nyerere. Alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1969 kwa anwani ya Mabepari wa Venisi, alikuwa na neno la Kiingereza linalomaanisha mfanyabiashara mkubwa. "Mfanyabiashara" lilikuwapo, na "tajiri" pia. Akachagua "bepari", tena katika wingi, ingawa anwani ya Kiingereza inamtaja mmoja tu. Wahakiki wengi huona hapo siasa ya miaka ile, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hawakosei. Lakini wanasahau jambo la pili. "Bepari" ni neno lenye asili ya Kihindi, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara. Maana ya mnyonyaji anayemiliki mtaji ilikuja baadaye. Mwalimu alipata kitawe ndani ya Kiswahili chenyewe. Kwa maana ya kale alikuwa mwaminifu kwa Shakespeare, na kwa maana mpya alikuwa amempitishia Shakespeare hukumu. Neno moja la Kiingereza halikuwa na uwezo huo.

Nimeliacha mwisho neno "charge" kwa sababu ndilo linaloweza kumgharimu mtu. Mjini Machakos utaliona kwenye vibanda vilivyoandikwa kwamba hapa tunachaji simu. Hiyo ndiyo maana iliyokopwa rasmi na kuzoeleka: kutia nguvu ya umeme. Benki hulitumia kwa ada inayokatwa kwenye akaunti, na wateja nao husema "chaji za benki". Mahakamani, neno hilo hilo la Kiingereza ni shtaka. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka lake kwa kina cha kutosha kujibu, na haki ya kupewa mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya mahakama. Mkalimani akimwambia mzee aliyetoka Mwala au Masinga kwamba "umechajiwa", huenda mzee akatia mkono mfukoni kutafuta pesa, akidhani ametajiwa ada. Haki iliyomo katika Katiba inategemea uteuzi wa neno moja: umeshtakiwa.

Ardhi ndiyo hatari zaidi. Katika Sheria ya Ardhi ya 2012, "charge" ni haki anayopata mkopeshaji juu ya ardhi iliyowekwa dhamana ya mkopo. Kwa Kiswahili hiyo ni rehani. Mkopaji asipolipa, na baada ya kupewa notisi zinazotakiwa na sheria, mkopeshaji anaweza kuiuza ardhi hiyo. Sasa mfikirie mnunuzi wa ploti anayeambiwa na dalali, kwa sauti ya upole, kwamba "kuna chaji kidogo kwa hiyo hati". Masikio yake yanaijua chaji ya simu na chaji ya benki, na zote mbili ni vitu vya shilingi chache. Huenda akasema atailipa mwenyewe, na hapo dalali hatakuwa ametamka uongo hata mmoja.

Neno rehani linafahamika na watu wetu wote. Aliyewahi kuacha redio au saa kwa mkopeshaji analijua kwa uchungu. Mnunuzi huyo anapokwenda kwenye ofisi ya usajili wa ardhi kufanya upekuzi, na karani akamfungulia sehemu ya daftari inayoonyesha mizigo iliyowekwa juu ya ardhi, asiulize kama kuna chaji. Aulize kama ploti imewekwa rehani, ni kwa nani, na kama rehani hiyo imekwisha kufutwa.