KIUNGULIA KWA MTOTO MNENE



Je, mtoto wako hulalamika kwamba kifua kinamwunguza baada ya kula? Usidhani mara moja kuwa ni minyoo, au kwamba anakwepa shule. Huenda ni kiungulia, na mtoto mwenye uzito uliopita kiasi hupatwa nacho kwa urahisi.

Tumbo lina asidi kali ya kusaga chakula. Juu yake kuna msuli unaobana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Mafuta yakizidi mwilini hulisukuma tumbo, msuli huachia, na asidi hupanda hadi kooni. Mtoto mdogo hajui kueleza hayo. Utamwona anakohoa usiku, sauti inakwaruza, anatema maji machungu, anaacha bukari aliyokuwa akiipenda. Asipolala vizuri, asubuhi darasani anasinzia. Akikimbia na wenzake anachoka, nao wanamcheka. Ndivyo anavyoanza kujitenga.

Hapa kwetu, Chisenga, Nchelenge hadi Mantapala, watoto wengi zaidi wanasumbuliwa na upungufu wa chakula kuliko unene. Kwa hiyo usikate kwa macho. Bonyeza mguu wa mtoto kwa kidole: shimo likibaki, huo si unene, ni uvimbe, na unaweza kuwa utapiamlo mkali. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Kama ni uzito kweli, muuguzi atajua kwa kumpima kilo na urefu pamoja.

Mtoto mnene asinyimwe chakula. Bado anakua, mara nyingi inatosha uzito usimame huku urefu ukiongezeka. Mpe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Bukari ipunguzwe, sombe na maharagwe viongezwe. Chisense wa kuchemsha ni bora kuliko wa kukaangwa. Soda, chai ya sukari nyingi na mandazi viwe vya nadra. Ale cha usiku mapema, akae saa 2 au 3 kabla ya kulala. Akilala, alalie ubavu wa kushoto. (Mtoto wa chini ya mwaka 1 alazwe chali daima. Kucheua kidogo ni kawaida yake.) Moshi wa sigara nao hudhuru, baba asivutie nyumbani.

Usimpe magadi wala majivu. Usimpe aspirini, wala dawa ya tumbo ya mtu mzima iliyonunuliwa sokoni.

Akitapika damu au kitu cheusi kama kahawa, akipata choo cheusi kama lami, akishindwa kumeza, au akikonda bila sababu, hicho si kiungulia cha kutibu nyumbani. Mpeleke kituo cha afya haraka; huko wataamua kama apelekwe hospitali ya St. Paul's, Kashikishi. Wewe unayeishi kisiwani tafuta mashua mapema, kabla upepo wa ziwa haujachafuka.