Vitamini D na Ugonjwa wa Mkanda wa Jeshi

Mtu aliyeugua tetekuwanga utotoni haachwi kabisa na ugonjwa huo. Vipele hukauka, lakini virusi vyake hujificha katika vifundo vya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo, navyo huweza kukaa humo miaka mingi bila kuleta dalili yoyote. Kinga ya mwili inapopungua, virusi huufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi, na malengelenge yenye maumivu makali hujitokeza upande mmoja wa mwili mfano wa mkanda. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1965 na Edgar Hope-Simpson, daktari wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, aliyeandika habari za wagonjwa wake kwa miaka 16.

Vitamini D yahusikaje? Chembe nyeupe za damu zina vipokezi vyake, na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba baadhi ya chembe hizo huitumia kutengeneza protini iuayo bakteria wa kifua kikuu. Kwa hiyo, damu ya baadhi ya wagonjwa wa mkanda wa jeshi ilipokutwa na vitamini D kidogo, ilikuwa rahisi kudhani kwamba upungufu huo ndio chanzo.

Hapo pana mtego. Mgonjwa mwenye maumivu hushinda ndani, na ngozi isiyopata jua haitengenezi vitamini hiyo. Tena ugonjwa wenyewe waweza kushusha kiasi kilichomo katika damu. Uzee nao hudhoofisha kinga na ngozi kwa pamoja. Aidha, jua la Uingereza wakati wa baridi ni hafifu mno kutengeneza vitamini D, walakini Hope-Simpson hakuona kwamba mkanda wa jeshi una majira yake.

Huku kwetu jua si haba. Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, ambao vipimo vyao vilichapishwa mwaka 2012, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiasi kinachozidi cha watu wengi wa Ulaya. Hata hivyo, UKIMWI uliposhamiri Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, mkanda wa jeshi ulionekana kwa vijana wengi, jua likiwaka vilevile.

Kwa sababu hiyo kijana anayetokewa na ugonjwa huu hupimwa kwanza virusi vya UKIMWI, si vitamini. Dawa ya asiklovia nayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 72 kupita tangu vipele vionekane.