Maradhi ya Taya Yasiyongoja Uzee

Mbele kidogo ya tundu la sikio, mahali ambapo ukiweka kidole na kufungua kinywa utahisi mfupa ukiteleza chini ya ngozi, ndipo kilipo kiungo cha taya, nacho hutumika tangu staftahi hadi chajio bila ya mwenyewe kukikumbuka, mpaka siku kitakapoanza kukwaruza kama mchanga baina ya mawe mawili, ikawa ni ishara kwamba gegedu limelika na mfupa umeanza kubadili umbo.

Kulika kwa viungo tumekuzoea katika magoti ya bibi zetu, na kwa hiyo twakuhesabu kuwa ni ada ya uzee. Walakini, ilhali goti la mwanamke huharibika zaidi baada ya hedhi kukoma, matatizo ya taya humwandama hasa baina ya miaka 20 na 40, katika umri wa kuzaa, na wanawake wayapatao hukaribia maradufu ya wanaume.

Wako wajuba waliokwisha kutoa fatwa barazani kwamba sababu ni wingi wa maneno. Lakini mwanamume apigaye soga tangu alasiri hadi isha hana haki ya kuitoa. Mwaka 1934 James Costen, tabibu wa masikio wa St. Louis, Marekani, aliyalaumu meno yaliyong'oka. Mwaka 1986 wataalamu walichunguza taya za nyani, jamaa za hao waharibuo mahindi yetu, wakakuta ndani ya kiungo vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike. Na mwaka 1997, huko Seattle, ilidhihirika kuwa wanawake waliopita umri wa hedhi, wakitumia dawa zenye homoni hiyo, walielekea kupata maradhi ya taya kwa kadiri ya asilimia 30 zaidi ya wenzao. Hata hivyo kesi haijakatwa, kwani yako majaribio ya wanyama yaonyeshayo kuwa estrojeni hulihifadhi gegedu.

Ajabu nyingine ni kwamba picha za eksirei za taya na maumivu havipatani: taya lililolika mno huweza kunyamaza kabisa. Kwa hiyo tabibu mwema hakimbilii kisu, bali humwagiza mgonjwa aache kuuma meno kwa ghadhabu, akande kwa kitambaa cha moto, asipanue kinywa mno apigapo mwayo, ale vyakula laini, na muwa, kama hawezi kuusahau, akamuliwe anywe maji yake.