Mkondo wa Bahari Uonekanavyo Kutoka Angani

Nje ya Boko, kaskazini mwa Dar es Salaam, maji ya bahari kuu hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Huu ndio Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki. Wakati wa kusi hukaza mwendo hadi Somalia; wakati wa kaskazi hulegea. Chombo kikipotea baharini, mkondo na upepo ndivyo viamuavyo kitafutwe wapi.

Setilaiti yawezaje kuutambua mkondo huo? Mwaka 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha TOPEX/Poseidon, iliyozunguka kilomita 1,336 juu ya dunia. Mawimbi yake ya rada yaliupiga uso wa bahari na kurudi kwa sehemu 9 hivi za elfu za sekunde. Muda huo ukipimwa barabara, kimo cha bahari hujulikana, kwa kosa la sentimita chache tu.

Kimo chatufaa nini? Kwa kuwa dunia huzunguka, maji yaendayo katika nusu yake ya kusini huvutwa kushoto. Hivyo mkondo wetu huinua bahari kidogo upande wa pwani. Mwinamo ukizidi, mkondo nao umezidi nguvu.

Hata hivyo, karibu na nchi kavu mwangwi wa ardhi huvuruga vipimo. Maji yaliyo baina ya pwani na kisiwa cha Mbudya, zivuamo ngalawa, ndiyo yasomwayo kwa shida. Hapo wanafunzi waweza kusaidia: waeleshe nazi kavu, wapime umbali na muda, kisha waandike hali ya maji kujaa au kupwa.