Siku Jiko Liliponyamaza



Juma lililopita, baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja aliyeoa karibuni alinifuata mlangoni mwa msikiti akaniuliza: "Sheikh, mke wangu hupenda kusikiliza nyimbo anapopika. Je, nimkataze?" Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba tukae barazani, kwa kuwa suala lake lilinirejesha katika jiko la marehemu mama yangu, Allah amrehemu, zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Jiko lile lilikuwa uani, na redio ilikaa juu ya rafu, mbali na moshi. Kila Ijumaa asubuhi mama alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi huku akifuatisha taarabu kwa sauti ya chini. Alichemsha kwanza tui jepesi kwa chumvi, akatia mchele, na maji yalipokaribia kukauka akamimina tui zito, akafunika chungu na kupalia makaa juu ya kifuniko. Saa ya ukutani hakuitazama. Nyimbo za Juma Bhalo na za Zein l'Abdin zilikuwa ndefu, naye alizitumia kuwa kipimo chake. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, wimbo huu ukimalizika, uniepulie chungu." Wali haukuungua hata siku moja. Dada zangu walichambua mchele pale pale, baba aliporudi sokoni na samaki alikaa nao akisimulia habari za mjini, na jirani aliita kutoka upande wa pili wa ukuta akitaka redio iongezwe sauti.

Kisha mimi nikarejea kutoka masomoni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimehifadhi milango mingi ya vitabu na sijajifunza bado kukaa na watu. Ijumaa ya kwanza niliingia uani, nikaizima redio na kusema, "Mama, hii ni haramu." Hakubishana nami. Alisema tu, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Ijumaa iliyofuata redio ilikuwa imefunikwa kwa kipande cha leso. Mama alipika wali ule ule, kwa nazi zile zile, lakini hakuimba. Dada zangu walichambua mchele chumbani mwao. Baba akapelekewa sinia yake barazani. Chakula kilikuwa kitamu, nasi tukakila kama wasafiri waliokutana mkahawani. Nami, Allah anisamehe, nilidhani kwamba nimeshinda.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu, mzee aliyenisomesha tangu alifu kwa kijiti, nikamsimulia kwa fahari. Aliniuliza swali moja: "Ulimweleza yote, au ulimweleza nusu?" Akanikumbusha ninayoyajua. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamekataza ala za nyuzi na za kupuliza, na kauli yao ina uzito wake. Lakini Ibn Hazm aliona kwamba hoja za kuharamisha hazikuthibiti, na Imamu al-Ghazali katika Ihya alilifungulia suala la kusikiliza kitabu kizima, akipambanua maneno, ala, nia na hali ya msikilizaji. Akanikumbusha pia hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim: siku ya Idi, wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.). Sayyidna Abubakar alipoingia aliwakemea, na Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache, kwani ile ilikuwa siku ya Idi.

"Na hapa kwetu," akaendelea, "hukusikia habari za Habib Swaleh wa Lamu?" Habib Swaleh alipoyaingiza matari katika maulidi, walikuwapo waliompinga. Leo, kila Mfunguo Sita, watu husafiri kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki kuja Msikiti wa Riyadha kuyasikiliza matari hayo.

Mwisho akaniambia neno lililonichoma: "Tena, hata kama haki yote ingekuwa upande wako, je, ndivyo mtu anavyosema na mamake?"

Nilirudi nyumbani nikamwomba mama radhi, nikaiwasha redio kwa mkono wangu mwenyewe. Alicheka, akanisukumia mbuzi na nazi mbili. Dada zangu walitoka chumbani kuja kunitazama nikijikwaruza vidole. Uani pakarudi uhai. Hata hivyo, tangu siku ile, kila nilipoingia jikoni mama alinyoosha mkono akaipunguza redio sauti. Nilimwambia mara nyingi asifanye hivyo. Aliniitikia, na aliendelea kufanya hivyo mpaka alipofariki. Neno nililolisema kwa dakika moja lilikaa katika mkono wake maisha yote.

Ndugu zangu, leo majiko mengi yamenyamaza pasi na sheikh yeyote kuyakataza. Baba amekaa sebuleni na simu yake, binti ameziba masikio kwa vipokea sauti, na kijana ameagiza chakula kikaletwa na bodaboda, akakila peke yake kitandani. Kila mmoja anasikia muziki wake na kula sahani yake. Mbaazi za nazi za nyumbani kwetu hazikuandikwa vipimo popote. Hujifunza kuzipika yule aliyekuwapo zilipopikwa. Na maneno ya kaswida tulizozijua utotoni tuliyapata vivyo hivyo, kwa kukaa karibu na aliyeziimba. Asiyekuwapo hayapati.

Nilimaliza kisa changu, na yule kijana akauliza tena, "Basi nimkataze, sheikh, au nisimkataze?"

Nilimwambia: mimi binafsi naziacha ala za nyuzi, kwa kujiepusha na shaka, na naburudika kwa kaswida na dufu. Hayo ni juu ya nafsi yangu. Jambo ambalo wanazuoni wametofautiana, silifanyi fimbo ya kumpigia mke wangu. Lakini wimbo wenye matusi, au unaopamba zinaa na ulevi, haufai katika nyumba yenye watoto, na katika hilo hatuna khilafu. Adhana ikilia, redio izimwe. Na wimbo unaomchelewesha mtu kuswali umekwisha kumdhuru, hata kama maneno yake ni mazuri.

"Ijumaa hii," nikamwambia, "rudi mapema. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Basi nawe kaa juu ya mbuzi, ukune nazi, na usikilize anachosikiliza mkeo. Ukisikia neno baya, mwambie kwa upole, mikono yako ikiwa bado ina machicha. Usipolisikia, mwombe aongeze sauti."

Allah awarehemu wazee wetu waliotutangulia, na azijaalie nyumba zetu mapenzi na furaha ya halali. Amin.