Kompyuta Inavyopima Uimara wa Ardhi Machimboni

Mwezi Januari 2024, katika kipindi cha mvua kubwa, ardhi iliporomoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Ng'alita, wilayani Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Wachimbaji wadogo 22 walipoteza maisha.

Migodi mikubwa huikadiria hatari ya namna hiyo mapema kwa programu za kompyuta. Wataalamu hupima uimara wa mwamba, mielekeo ya nyufa na kina cha maji ya ardhini. Programu huugawa ukuta wa shimo katika vipande vidogo, kisha hulinganisha nguvu zinazoushikilia na zile zinazousukuma uporomoke. Zikilingana, jibu ni 1. Likishuka chini ya hapo, ukuta hausimami. Kwa usalama, wahandisi hutaka jibu lizidi 1.

Maji ndiyo adui mkubwa. Yakipenya katika nyufa, huusukuma ukuta kutoka ndani na kuulegeza udongo. Kwa hiyo shimo lililosimama kiangazi kizima laweza kuanguka kwa mvua ya usiku mmoja.

Mkazi wa Usoke anayechimba kisima, anayetoa udongo wa matofali au anayekwenda machimboni hana kompyuta hiyo, lakini kanuni ni zilezile. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni mwa shimo. Shimo pana lichimbwe kwa ngazi, si kwa ukuta mmoja uliosimama wima. Ufa mpya ukionekana, watu watoke mara moja. Na baada ya mvua, mtu asishuke kabla shimo halijakaguliwa.