Barabara ikijengwa upya, maji ya mvua yapewe pa kwenda

Kila mvua za mwaka zikishuka, malalamiko ya Mombasa ni yale yale: barabara imekuwa mto, duka limeingia maji, watoto wanavushwa mgongoni. Mvua ni rehema. Tatizo ni kwamba sisi tumeizibia njia ya kuingia ardhini.

Tufanye hesabu. Kipande cha barabara chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 10, kikipigwa na mvua ya milimita 50, hupokea lita 50,000 za maji. Hiyo ni mitungi 2,500 ya lita 20, na hatujahesabu mapaa ya nyumba. Lami hainywi maji, kwa hivyo yote hukimbilia mtaroni kwa pamoja. Mtaro ukiwa mdogo, au umejaa chupa na takataka, maji hurudi kwa watu. Tena pale lami mpya inapomwagwa juu ya ile kuukuu, barabara hupanda na vizingiti vyetu hubaki chini. Maji hufuata mkondo, na mkondo wenyewe sasa ni sebule ya mtu.

Kuna miji iliyobadilisha mtindo. Mwaka 2003, Portland huko Marekani ilichukua sehemu ya maegesho kwenye mtaa wa Siskiyou ikaifanya bustani iliyo chini kuliko lami. Philadelphia nayo ilianza mwaka 2011 mpango wa miaka 25 wa kuyanywesha maji ya mvua ardhini kabla hayajazidi nguvu mabomba ya maji taka na kumwagika mitoni.

Bustani hiyo ni jambo jepesi. Ukingo wa barabara hukatwa mwanya ili maji yaingie. Ndani mna udongo uliochanganywa na mchanga, mimea inayostahimili mafuriko na kiangazi, na kokoto chini. Maji hutulia, huacha uchafu, kisha huzama polepole. Yakizidi, hutokea kwenye mdomo uliowekwa juu kidogo na kwenda mtaroni. Mtaro basi bado unahitajika, ila hauelemewi.

Wengi hudhani kabro tulizotandikiwa mitaani hufanya kazi hiyo. Zikipangwa juu ya tabaka lililoshindiliwa, na viungo vikajazwa mchanga laini, maji mengi hupita juu tu. Kabro za kupitisha maji huachiwa nafasi zinazojazwa vijiwe vidogo, na chini yake huwa na kokoto zisizo na vumbi za kuyahifadhi maji yakizama.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye matundu yanayopitisha maji. Hiyo ni neema, lakini ina hatari yake: mwamba huo huo hupitisha maji ya vyoo hadi visimani. Kwa hivyo bustani hizi zipokee maji ya mvua pekee, ziwe mbali na visima na mashimo ya vyoo, na wanaoelekeza maji machafu mitaroni wazuiwe kwanza.

Na mbu je? Mbu huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka. Bustani iliyojengwa sawasawa hukauka kwa siku moja au mbili. Ikikaa na maji zaidi ya hapo, imeziba, na lazima isafishwe. Bila mtu wa kuisafisha itageuka jaa.

Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo kwenye bunge la kaunti. Wananchi wana haki ya kushirikishwa. Mtaa wako ukitajwa kujengwa upya, uliza manne: Barabara itakuwa juu au chini ya vizingiti vyetu? Maji yataingia wapi ardhini? Yakizidi, yatatokea wapi? Na nani atalipwa kusafisha mwaka wa pili? Maswali haya yaulizwe kabla ya tenda kutiwa saini, kwani lami ikishamwagwa, kuifukua ni gharama nyingine.